Vifuko chini ya ulimi: shajara ya mradi wa tegu, Umalila

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumetoka Mbalizi saa moja na nusu asubuhi: mimi, mwenzangu wa maabara, nesi na dereva, pamoja na kasha la baridi ambalo limepewa kiti chake na kufungwa mkanda. Barabara ya kwenda Ilembo masika ni utelezi, kiangazi ni vumbi, kwa hiyo leo tumekula vumbi. Huko juu baridi haina utani. Nguruwe wa kwanza tulikutana naye kabla hatujakutana na mtu: jike mweusi akikatiza barabara bila haraka, vitoto sita nyuma yake. Dereva akapiga honi. Hata hakugeuka.

Nguruwe kuwa barabarani ni habari tosha. Mahindi yakiwa shambani kila mtu anafunga wake, maana akiingia kwa jirani faini ipo na ugomvi upo. Mavuno yakishaisha kamba zinafunguliwa. Tumekuja msimu huu kwa makusudi, nami najua kabisa kwamba mwenzangu akija Februari ataandika mambo mengine kuhusu kijiji hikihiki.

Nieleze kazi mara moja ili nisirudie. Tunamtafuta tegu wa nguruwe, Taenia solium: mnyoo anayeishi utumboni mwa mtu, na ambaye watoto wake wanakaa kwenye nyama ya nguruwe kama vifuko vidogo. Tunakagua nguruwe ulimi, tunawatoa damu, tunauliza kaya maswali, na mtu akikubali tunampa kikopo cha choo. Tunataka kujua ni nguruwe wangapi katika kila mia wana vifuko, na wenye navyo wanatofautiana na wenzao kwa lipi.

Hatuanzi sifuri. Utafiti uliochapishwa 2013 ulipima nguruwe 600, nusu Mbozi na nusu Mbeya Vijijini, ambamo Umalila imo. Kwa kuangalia ulimi, Mbozi ilitoa asilimia 11.7 na Mbeya Vijijini asilimia 6. Damu za nguruwe walewale zilipopimwa kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za mdudu kwenye damu, Mbozi ikawa asilimia 32 na Mbeya Vijijini asilimia 30.7. (Mbozi wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, Songwe ilikuja 2016.) Nimeziandika namba hizo kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari. Kutoka 6 hadi 30.7 si tofauti ya nguruwe. Ni tofauti ya anayeangalia.

Jumanne

Siku nzima kwa mwenyekiti wa kijiji. Shikamoo, marahaba, barua ya halmashauri, barua ya maadili, chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha. Kisha akatoa orodha ya wafugaji aliyoiandaa mwenyewe. Nikaipitia: kila jina lina banda la mbao lenye sakafu iliyoinuliwa. "Hawa ndio wafugaji wetu wazuri," akasema, kwa fahari ya kweli.

Sasa unamkatalia vipi mtu aliyekunywesha chai? Nikamwambia, mzee wangu, anayetaka kujua chumvi ya mchuzi hachagui kipande cha nyama akakionja; anakoroga kwanza. Akacheka, akawaita mabalozi. Mpaka saa kumi orodha ilikuwa imerefuka mara tatu, na humo yumo bibi mwenye nguruwe mmoja anayelala naye jikoni kwa sababu ya wezi. Tukakata vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya mwenyekiti, mtoto wa darasa la pili akachota. Mwenyekiti mwenyewe hakutoka. Nadhani hilo limemuuma kidogo.

Jumatano

Ndimi za kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kuona: unapitisha kitanzi cha kamba nyuma ya meno ya juu, mmoja anavuta mbele, nguruwe anarudi nyuma kwa nguvu zake zote na hapo ndipo anapokwama. Ukelele wake unausikia kifuani. Kijiti kigumu kinawekwa kwenye pembe ya mdomo ili usipoteze kidole. Ulimi unaushika kwa kitambaa cha pamba, maana kwa mkono mtupu unateleza kama sabuni, unauvuta pembeni na kuugeuza. Unaangalia upande wa chini kwenye mwanga, kisha unapapasa polepole kutoka kwenye shina kuja ncha.

Kwenye kaya ya pili mzee alitutazama tunavyohangaika, akaweka jembe chini, akashika ulimi mwenyewe. Alifanya kwa sekunde kumi tulichokuwa tunakifanya kwa dakika tano. "Ninyi wanunuzi wapya?" akauliza. Wachuuzi wa nguruwe wanakagua ulimi kabla ya kutaja bei, tangu mimi sijui kupapasa hata kuku. Kipimo ninachokiandika kwenye sura ya mbinu kwa maneno mazito ni ujuzi wa mnadani.

Nguruwe wake wa kwanza safi. Wa pili, jike wa mwaka na kitu, nilihisi kitu kabla sijakiona: punje mbili upande wa kushoto, ngumu kiasi, zinazoteleza chini ya kidole kama punje za mchele zilizosahauliwa kwenye mshono wa mfuko. Nikaelekeza tochi. Vifuko vyeupe, vinang'aa, kimoja kikubwa kuliko kingine.

Mzee aliviona. Akaachia ulimi, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwanangu, andika hana."

Nilidhani ni habari ya bei, na kweli bei ipo. Mchuuzi akiona punje anakata nusu au anaondoka. Lakini kulikuwa na lingine, nikalielewa tulipokaa chini. Nilikuwa nimeanza hotuba yangu: nguruwe hawezi kupata vifuko kwa nguruwe mwenzake, anavipata kwa kula choo cha mtu mwenye tegu tumboni. Nikaona uso wake unabadilika. Mke wake yuko mlangoni, wakwe zake wako nyumba ya jirani, majirani wamejaa uani kuangalia kelele. Mimi nimesimama katikati ya boma la mtu nimetangaza kwamba hapa karibu kuna mtu ana mnyoo wa mita tatu na anajisaidia vichakani. Nilikuja kupima nguruwe, nikajikuta nimemshtaki mtu.

Niliandika anavyo. Namba ya kaya, si jina. Nikamwahidi kwamba tutarudi na dawa, oksifendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, na kwamba baada ya dawa asichinje mapema. Akaitikia kwa kichwa tu. Kuanzia kesho maelezo ya tegu yatatolewa ndani, si uani.

Alhamisi

Nguruwe wengi, punje hakuna. Mwenzangu wa maabara amefurahi. Mimi nina wasiwasi.

Ulimi ukisema ndiyo, uamini. Ukisema hapana, haujasema kitu. Watafiti waliofanya kazi Zambia na kuchapisha 2004 walikadiria kwamba ulimi unanasa kama nguruwe 21 tu katika kila 100 wenye vifuko. Mwenye vichache anavificha begani, kwenye mapaja, kwenye moyo, na ulimi unabaki safi. Damu inanasa wengi zaidi, ila nayo ina unafiki wake: ELISA tunayoitumia haimtofautishi tegu wetu na Taenia hydatigena, tegu mwingine anayeishi tumboni mwa mbwa. Kwa hiyo namba moja inapunja na nyingine inaweza kuzidisha, na sisi tutaandika zote mbili na kueleza.

Lakini lipo linalonisumbua zaidi, nalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosomea. Kama kila mwenye nguruwe anajua kupapasa ulimi, basi wale wenye punje za wazi wameshauzwa, usiku, kwa mchuuzi asiye mchaguzi. Ninaowakuta bandani ni waliobaki. Napima masalia ya ukaguzi uliokwishafanywa na mnada. Nimeongeza swali kwenye dodoso: katika miezi sita iliyopita umeuza nguruwe yeyote, na alikaguliwa na nani?

Ijumaa

Leo ni ya vyoo, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu nimekasirika, hasa na mimi mwenyewe.

Swali la 14 la dodoso: "Je, kaya ina choo?" Wiki nzima jibu ni ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kishikwambi kinameza majibu, asilimia inapanda, na kwa hesabu hiyo choo hakiwezi kuwa kihatarishi cha chochote, kwani wote wanacho. Jana usiku nikamwambia nesi, kesho tusiulize, tuombe kwenda haja.

Tukaomba. Kaya ya kwanza choo kizuri, kibuyu chirizi kina maji, sabuni imefungwa kwa kamba. Kaya ya pili mama akasita, akamtuma mtoto atangulie. Mtoto akawa anatoa magunia. Choo kimejaa viazi vya mbegu. Kina mlango, kina bati, kina giza zuri, viazi vinachipua vizuri humo. Kaya ya tatu utando wa buibui umefunga mlango kutoka juu hadi chini, na buibui mwenyewe amenona. Kaya ya nne shimo limejaa tangu masika.

Hakuna aliyedanganya. Nimeuliza kama wana choo, wanacho. Kampeni ya "Nyumba ni Choo" ilipita, faini za kijiji zilipita, kila nyumba ikajenga. Nesi ndiye aliyeona la maana: "Usiangalie choo, angalia njia ya kwenda chooni." Choo kinachotumika kina njia iliyokanyagwa, majani yamelala. Cha maonyesho kimezungukwa na majani mabichi. Sasa dodoso lina sehemu ya mtafiti kujaza bila kuuliza: njia ipo au haipo, shimo limefunikwa au wazi, nguruwe anaweza kuingia au hawezi. Hilo la mwisho tulijifunza kaya ya tano, ambapo choo kinatumika barabara, watoto kwa wakubwa, lakini ukuta wa nyuma ni wa mabua ya mahindi na chini yake kuna tundu la ukubwa wa kichwa cha nguruwe, kingo zake laini kwa kusuguliwa.

Halafu kuna shamba. Mashamba ya huku yako mbali, watu wanashinda huko kutwa, na shambani hakuna choo. Nani aliwahi kuweka hilo kwenye dodoso?

Wiki ya 2, Jumatatu

Hakuna kazi. Msiba kijijini. Tumekwenda kuzika.

Jumanne

Damu. Tulikodi nafasi kwenye zahanati moja ili tuzungushe mirija na kutenganisha majimaji. Umeme ukakatika saa sita. Jenereta ipo, mafuta hakuna, mwenye ufunguo wa stoo kaenda mjini. Tukaacha damu igande yenyewe, tukanyonya majimaji kwa mkono, mrija mmoja mmoja, hadi saa mbili usiku kwa mwanga wa simu. Mrija wa 41 una lebo mbili, 41 na 47, na wa 47 haupo. Tumezifuta namba zote mbili. Mwenzangu alitaka tukisie. Hapana.

Jumatano

Kaya mbili zimekataa, na sababu zao ni za akili. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia kijijini inafagia mabanda yote, haina tiba. Wanakumbuka kwamba mara ya mwisho walipita watu wa sindano, halafu nguruwe wakafa. Waliokuja huenda walikuja kwa sababu ugonjwa ulishaanza, lakini kumbukumbu inapanga mambo kwa mfuatano wake. Sikubishana. Nilichofanya ni kuonyesha: ndoo ya dawa getini, buti zinasuguliwa mbele ya mwenye nyumba kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kamba ya kitanzi inachovywa, sindano mpya inafunguliwa machoni pake. Tunapoteza dakika ishirini kila kaya. Mchana, mmoja wa waliokataa akatuma niitwe.

Jumamosi jioni

Si siku ya kazi, lakini nimeona kitu.

Kilabu cha komoni kiko kwenye njia panda, chini ya miti ya mikaratusi. Watu wanakaa kuanzia saa tisa, wanacheza bao, wanaimba, wanazeeka. Choo cha kilabu kilianguka na hakijajengwa. Mtu akibanwa anaingia nyuma, kwenye mikaratusi. Nilikaa kwenye benchi na soda yangu nikiangalia, na mnamo saa kumi na mbili nguruwe wakaanza kuja. Hawakuja ovyo. Walikuja kwa mstari, kutoka pande tatu tofauti, wakapita pembeni ya kuta kama watu wenye miadi, wakaishia nyuma. Wanajua saa. Nilimtambua mmoja kwa sikio lake lililochanika: ni wa kaya yenye choo bora kuliko vyote tulivyoviona, ile yenye sabuni ya kamba.

Nimekuwa nikitafuta uhusiano kati ya choo cha kaya na nguruwe wa kaya, na nguruwe hana habari na mipaka ya kaya. Anakula mahali ambapo watu thelathini wanajisaidia. Akitokea mmoja tu kati ya thelathini ana tegu, pingili moja inayodondoka na choo ina mayai kwa makumi ya maelfu, na nguruwe anaimeza yote kwa pigo moja. Miezi miwili au mitatu baadaye ana punje. Choo cha kilabu kinaweza kuwa na uzito kuliko vyoo vyote nilivyovichungulia. Tumeanza kuandika umbali kutoka kila banda hadi kilabu, kwa hatua, kwa sababu ramani ya simu huku inatuweka katikati ya bonde.

Wiki ya 3, Jumanne

Kaya ya Wasabato. Hawafugi nguruwe, hawali nguruwe, wametokea kwenye kura ya kofia ya upande wa watu wa kupimwa. Baba alitukaribisha kwa heshima na kwa tabasamu la mtu anayejua wageni wamepotea njia. "Hii habari haituhusu sisi, mwalimu. Biblia ilishatuponya."

Binti yao, miaka kama kumi na miwili, alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko. Mkono wa kulia una kovu la moto kutoka kiganja hadi kiwiko. Nesi hakuuliza kuhusu mkono. Aliuliza kama anasoma, akaambiwa alisoma, ameacha, "anaanguka". Kifafa. Kilianza miaka miwili iliyopita. Mara ya mwisho aliangukia mekoni, na shangazi yake aliyekuwepo hakumshika kwa sababu wanasema ukimgusa mwenye kifafa akiwa na povu kinakuhamia. Hakihamii. Nesi alilisema hilo mara tatu, kwa sauti ileile.

Hapa ndipo watu karibu wote wanapochanganya, na madaktari wachanga wamo. Kula nyama ya nguruwe yenye vifuko, isiyoiva, kunakupa tegu tumboni, basi. Anakaa kwenye utumbo, anarefuka, pengine hujui hata kama yupo. Vifuko vya kwenye ubongo havitoki kwenye nyama. Vinatoka kwenye mayai, na mayai yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu: kwa mikono yake, kwa maji, kwa mboga, kwa bakuli moja la kunawia ambalo watu wanane wanachovya mikono kwa zamu na wa mwisho ananawa uchafu wa saba. Asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kuwa na vifuko kichwani kwa sababu ya jirani, au mpishi, au mdogo wake. Utafiti wa watu uliofanyika Mbozi kwenye vijiji 13, uliochapishwa pia 2013, ulikuta asilimia 5.2 wana tegu tumboni kwa kipimo cha antijeni, yaani chembe za mdudu mwenyewe, kwenye choo, huku asilimia 16.7 wakiwa na antijeni ya vifuko kwenye damu. Wenye kingamwili, yaani waliowahi kukutana na mdudu, walikuwa asilimia 45.3. Wenye tegu ni wachache. Wanaolipa ni wengi.

Sikumwambia baba kwamba binti yake ana vifuko kichwani. Sijui. Kifafa kina sababu nyingi: kuzaliwa kwa shida, malaria kali ya utotoni, kuumia kichwa. Shirika la Afya Duniani linahusisha tegu na takribani asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, na asilimia 30 si binti huyu. Anayejua ni mashine ya picha ya CT, iliyoko mjini, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni mahindi ya mwezi. Nesi ameandika rufaa, na kabla hatujaondoka ametafuta namba ya anayehusika na dawa za kifafa kwenye kituo cha afya, kwa sababu dawa za kumzuia asianguke hazisubiri picha.

Baba alitusindikiza hadi barabarani. Akauliza, "Kwa hiyo choo cha jirani yangu ni habari yangu?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Akakaa kimya mpaka gari likaja.

Alhamisi

Siku ya vikopo. Tumewakusanya watu shuleni, nesi anaeleza: kijiko kimoja, asubuhi, funga, lete. Wanaume wanacheka chini kwa chini, wanawake wanauliza maswali ya kweli. Kwa nini si hadubini tu? Kwa sababu hadubini inaona mayai siku yanapokuwepo tu; kule Mbozi ilikuta asilimia 1.1 pale ambapo antijeni ilikuta 5.2. Tena mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe kwa hadubini ni pacha, huwezi kuyatenganisha. Dawa ipo? Ipo. Nesi hakimbilii kugawa prazikwanteli. Kwanza anamwuliza kila mtu kama ana historia ya kuanguka au kichwa kinachouma usiku na mchana, kwa sababu dawa hiyo inafika hadi kwenye ubongo na inaweza kuamsha vifuko vilivyolala. Kwa mwenye shaka anapendelea niklosamidi, ambayo haitoki utumboni.

Kisha akasimama mama mmoja mwenye kitenge cha njano, mtoto mgongoni, akauliza kwa upole kabisa:

"Na ninyi, wanangu, mmeshapima?"

Ukumbi ulitulia. Nesi akanitazama, mimi nikamtazama mwenzangu wa maabara, yeye akatazama vikopo. Nimekulia mkoa huu. Nimekula kitimoto tangu nasoma sekondari, ya kuchoma, ya kukaanga, saa nne usiku kwenye giza ambamo huoni hata ndizi. Nimepapasa ndimi za nguruwe wa watu wiki tatu. Swali hilo halikuwahi kunijia.

"Bado, mama," nikasema.

"Haya," akasema, akakaa.

Wiki ya 4, Jumatatu

Vikopo vimerudi vingi kuliko nilivyotarajia. Vingine havijarudi, kimoja nimekiona dirishani kwa bibi wa nguruwe wa jikoni, kina chumvi. Nilimwacha nacho.

Jumatano

Tumerudi na oksifendazoli. Kwenye boma la mzee wa punje mbili nilibeba dozi niliyoipima jana usiku kwa makini kuliko dozi zote. Jike hayupo.

"Kauzwa Jumapili."

Kwa nani? Mtu wa pikipiki. Alikagua ulimi? Mzee akatazama pembeni. "Alikuja usiku."

Sikuwa na haki ya kukasirika. Ada ya shule inalipwa mwezi huu, na mimi nilimwambia asubiri miezi bila kumwambia atalisha nini. Lakini nilishaandika kwenye pendekezo la mradi, sehemu ya maadili, kwamba nguruwe watakaokutwa na vifuko watatibiwa. Nilipoiandika ilionekana sentensi rahisi sana. Utafiti mwingine ukija hapa uje na dawa mfukoni siku ileile ya kupapasa, na fedha ya kumfidia mfugaji kwa muda wa kungoja. Nimemwachia dozi za wale wengine watatu.

Tulikuwa kimya ndani ya gari kurudi Mbalizi. Dereva akasimama mahali pa choma kama kawaida yake, akauliza kama tunakula. Nikamwuliza mchomaji nguruwe wake anatoka wapi. "Huko juu," akasema, akaelekeza kisu kwenye milima tuliyotoka. Imepigwa muhuri? Akanionyesha paja, na kweli muhuri wa mkaguzi ulikuwepo, wa bluu. Nikamwomba aikate vipande vidogo na aikaange mpaka ikauke. Akasema nitaharibu nyama. Nikamwambia aharibu.

Ijumaa

Uchambuzi haujaanza, lakini naandika hapa ili baadaye nisijidanganye kwamba nilijua tangu mwanzo. Dodoso la wiki ya kwanza na la wiki ya pili si moja. Kaya za mwanzo tutazirudia kwa ajili ya njia ya chooni na umbali wa kilabu. Nguruwe wa banda moja wanafanana kuliko nguruwe wa mabanda mawili, kwa hiyo hesabu lazima itambue kaya na kitongoji, la sivyo tutajiona na uhakika ambao hatuna. Umri uingie: nguruwe aliyeishi muda mrefu amepata nafasi nyingi zaidi za kula uchafu. Swali la choo cha kaya nalibakiza lilivyo, kando ya lile la njia, ili msomaji aone mwenyewe jinsi jibu moja linavyogeuka.

Wiki ya 5, Jumatatu. Mbeya mjini

Tumekabidhi sampuli maabara. Mpokeaji ni dada mmoja mwenye miwani, anayeheshimu karatasi kuliko watu, na nampenda kwa hilo. Alihesabu mirija ya majimaji ya damu, ikatimia. Alihesabu vikopo. Akahesabu tena, kalamu ikigonga kila kifuniko. Akatazama orodha, akanitazama.

"Kaka, kimezidi kimoja. Hiki hakina namba ya kaya."

"Kiandikie tu," nikasema. "Ni changu."